Korngold: Mkimbizi aliyeipa sinema sauti yake

Ukishuka kwenye matatu pale Kibera na kuvifuata vichochoro vya kuelekea Makina, hutakwenda mbali kabla hujakutana na kibanda cha mabati chenye giza ndani, mabenchi ya mbao na pazia kuukuu mlangoni. Humo vijana hutazama sinema kwa shilingi chache. Mara nyingi picha hizo huwa zimewekewa sauti ya msimulizi, ambaye huyageuza maneno ya Wazungu kuwa Kiswahili na Sheng na kuwapa mashujaa majina ya mtaani. Huyo bwana huongea bila kupumzika, kama mnadi wa mitumba katika soko la Toi. Lakini kuna kitu kimoja asichoweza kukifunika. Kila anapotua kumeza mate, nyuma yake husikika tarumbeta, fidla na ngoma kubwa, na watazamaji hujua kwamba shujaa yuaja hata kabla hajaonekana.

Siku moja nilimwuliza kijana aliyeketi kando yangu kama anajua ni nani hutunga muziki wa namna ile. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mpishi wa mandazi ya stesheni. Mandazi huliwa tu, mpishi haulizwi.

Kule Kawangware nako, siku hizi utakuta watoto wanaofundishwa kupiga fidla na tarumbeta kwa kusoma nota, kama wanavyofundishwa wenzao wa Korogocho tangu mwaka 2008. Mtoto wa namna hiyo akipiga kipande cha Mozart, jirani hupita zake. Akipiga muziki wa sinema, jirani husimama. Katika miji mikubwa ya dunia okestra nazo zimelitambua jambo hilo, na sasa hufanya tamasha nzima za muziki wa sinema peke yake, hasa ule unaokumbusha vita na mateso ya Wayahudi. Katika tamasha hizo jina moja hurudi mara kwa mara, nalo ni la Erich Wolfgang Korngold. Inafaa tumjue mtu huyo, kwa sababu tarumbeta zinazopenya mabati ya Kibera zina asili yake kwake.

MTOTO WA AJABU

Korngold alizaliwa tarehe 29 Mei 1897 katika mji wa Brünn, ambao leo huitwa Brno na umo katika Jamhuri ya Cheki. Wakati ule mji huo ulikuwa chini ya dola kubwa ya Austria na Hungary. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, lakini kama Wayahudi wengi wasomi wa nchi ile, walijiona Waaustria kwanza, na dini yao haikuonekana sana katika maisha yao ya kila siku. Erich alipokuwa bado mdogo, jamaa yake ilihamia Vienna, mji uliohesabiwa kuwa makao makuu ya muziki duniani.

Baba yake, Julius Korngold, alikuwa mhakiki wa muziki katika gazeti kubwa la Vienna. Kalamu yake iliogopwa. Kwa kuwa alimpenda mno Mozart, alimpa mwanawe jina la pili la Wolfgang, na mtoto naye ni kama alisikia wito. Akiwa na miaka mitano alikuwa akipiga piano pamoja na baba yake, na miaka michache baadaye akawa anatunga mwenyewe. Mwaka 1906, akiwa na miaka tisa tu, alipelekwa kwa Gustav Mahler, aliyekuwa mkuu wa jumba la Opera la Vienna, akampigia kazi yake. Mahler, ambaye naye alikuwa wa asili ya Kiyahudi, alitamka papo hapo kwamba mtoto huyo ana kipaji kisicho cha kawaida, akashauri apelekwe kwa mwalimu Alexander Zemlinsky.

Mwaka 1910 jumba hilo la Opera lilionyesha mchezo wake wa dansi uitwao Mtu wa Theluji. Mtunzi alikuwa na miaka 13. Hebu msomaji afikirie mtoto wa darasa la saba wa Kawangware ambaye kazi yake inaonyeshwa katika jumba kubwa kabisa la nchi, mbele ya wakuu wa serikali.

Lakini kuwa mwana wa mhakiki kulikuwa na ubaya wake. Watu walinong'ona kwamba muziki ule ulitungwa na baba. Wengine walisema kwamba wapigaji waliupiga ili wasifiwe gazetini. Fitina hizo zilimfuata Erich kwa miaka mingi, na nadhani zilimfundisha mapema kwamba kazi nzuri huweza kudharauliwa kwa sababu zisizohusu kazi yenyewe.

VITA VYA KWANZA

Vita vya mwaka 1914 vilipozuka, Korngold aliingizwa jeshini, lakini badala ya bunduki alipewa bendi ya kikosi chake aiongoze. Husimuliwa kwamba siku moja mkubwa wake alilalamika kuwa wimbo wa kuandamia alioutunga ulikwenda mbio mno. Korngold akamjibu kwamba aliutunga kwa ajili ya siku ya kukimbia adui. Sijui kama alipigwa faini, lakini maneno yenyewe yalikuja kuwa kweli, maana mwaka 1918 dola ya Austria na Hungary ilishindwa na kuvunjika vipande vipande.

Vita hivyo hivyo vilikuwa vimefika huku kwetu. Vilimaliza maelfu ya wapagazi wa jeshi la Kariakoo, ambalo jina lake limebaki Nairobi na Dar es Salaam hadi leo. Na ulikuwa mwaka huo huo wa 1918 ambapo serikali ya kikoloni ilitenga rasmi ekari zaidi ya 4,000 za msitu kando ya Nairobi kwa ajili ya askari Wanubi wa King's African Rifles na jamaa zao. Wanubi wenyewe waliuita Kibra, yaani msitu. Basi Kibera ni mtaa uliozaliwa na vita, na wazee wake wanajua uzito wa kumkumbuka mtu aliyekwenda asirudi.

Jambo hilo la kumkumbuka aliyekwenda ndilo lililomletea Korngold sifa yake kubwa. Tarehe 4 Desemba 1920 opera yake iitwayo Mji Uliokufa ilionyeshwa kwa mara ya kwanza usiku mmoja katika miji miwili ya Ujerumani, Hamburg na Cologne, kwa kuwa kila mji uliitaka. Opera, kwa wasiofahamu, ni mchezo wa kuigiza ambao wachezaji huimba badala ya kusema. Hadithi yake ni ya mwanamume wa mji wa Bruges aliyefiwa na mke. Amekigeuza chumba kimoja cha nyumba yake kuwa kama hekalu, ameitundika picha ya marehemu na kuzihifadhi nywele zake. Siku moja akutana na mchezaji wa dansi anayefanana na mkewe kama maji na maji, na kutoka hapo akili inaanza kumchanganyikia. Mwishoni, baada ya ndoto ya kutisha, anatambua kwamba hawezi kuishi na wafu, anaamua kuuhama mji ule.

Mtunzi alikuwa na miaka 23. Watu waliojaa majumbani kutazama opera hiyo walikuwa ni wajane, mayatima na askari waliorudi bila viungo. Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Miaka michache baadaye Korngold alitunga kazi ya piano na okestra kwa ajili ya Paul Wittgenstein, mpiga piano aliyekatwa mkono wa kulia vitani. Kazi nzima hupigwa kwa mkono wa kushoto peke yake.

Mwaka 1924 alimwoa Luise von Sonnenthal, aliyeitwa Luzi na wote waliomjua, wakapata wana wawili, Ernst na Georg. Opera yake iliyofuata, ya mwaka 1927, haikupokewa vizuri. Vijana wa Vienna walikuwa wamehamia kwenye muziki wa jazi na mitindo mingine mipya, na yeye alishika njia yake ile ile ya sauti tamu zinazojaa kama bahari wakati wa bamvua.

NJIA YA HOLLYWOOD

Aliyembadilishia maisha alikuwa Max Reinhardt, mwongozaji mashuhuri wa michezo ya kuigiza, Myahudi pia. Mwaka 1934 Reinhardt alikuwa Marekani akitayarisha sinema ya mchezo mmoja wa Shakespeare, akamwita Korngold aje autengeneze muziki wa Mendelssohn uingie katika sinema hiyo. Wakati huo Hitler alikuwa ametawala Ujerumani tangu mwaka 1933, na muziki wa Mendelssohn ulikuwa ukifukuzwa huko kwa sababu mtunzi alizaliwa Myahudi, ingawa alikuwa amekufa tangu mwaka 1847. Hata maiti walitakiwa kuwa na cheti.

Kampuni ya Warner Bros. ilimwona Korngold ni lulu. Mwaka 1935 ilimpa sinema ya maharamia iitwayo Captain Blood, ambayo aliimaliza kwa muda wa wiki tatu hivi. Mwaka 1936 ikaja Anthony Adverse, ambayo muziki wake ulipata tuzo ya Oscar. Kwa desturi ya miaka ile, tuzo ilikwenda kwa mkuu wa idara ya muziki, si kwa mtunzi. Nadhani wapiga gitaa wetu wa miaka ya sitini, waliolipwa mara moja studioni huku santuri ikiuzwa miaka kumi, wangelielewa jambo hilo vizuri.

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa ya peke yake. Wengine walipimiwa kila tukio kwa saa ya mkononi, wakaandika muziki wa sekunde kadhaa. Korngold aliketi kwenye piano katika chumba cha kuonyeshea picha, mara nyingi usiku, akatazama sinema ikipita huku vidole vyake vikiifuata. Kwake yeye, sinema ilikuwa opera isiyoimbwa. Kila mhusika alipata wimbo wake, na wimbo huo ulibadilika kadiri mhusika alivyobadilika, ukawa wa huzuni akifungwa, ukapaa akitoroka. Alisikiliza hata sauti za wachezaji wakisema, akauweka muziki chini kidogo ya sauti hizo ili zisigongane. Leo mambo hayo hufanywa na kila mtu. Wakati ule yalikuwa mageni, na ni wachache tu, kama Max Steiner ambaye naye alizaliwa Vienna, waliokuwa wakiyajaribu.

JANUARI 1938

Kwa miaka hiyo yote Korngold hakuwa amehamia Marekani. Alikuwa akienda na kurudi, kama fundi anayefuata kazi mbali na nyumbani. Moyo wake ulikuwa Vienna, ambako opera yake mpya, Die Kathrin, ilikuwa ikingojea kuonyeshwa. Onyesho hilo likaahirishwa. Katika Januari 1938 ikaja simu ya maandishi kutoka Hollywood: aje upesi, kuna sinema ya Robin Hood.

Alikwenda na mkewe na mwana mdogo, Georg, aliyekuwa na miaka tisa. Ernst, mkubwa, alibaki na babu na bibi kwa sababu ya shule. Mizigo yao ilikuwa ya safari fupi.

Alipofika na kuonyeshwa sinema yenyewe, Korngold aliikataa. Alisema yeye ni mtunzi wa mambo ya moyo, na picha ile ilikuwa mishale, panga na watu kurukia farasi kutoka mitini. Alikwisha kuamua kurudi nyumbani. Lakini katika siku hizo hizo za Februari, waziri mkuu wa Austria aliitwa na Hitler kwenda kutishwa, na kila aliyekuwa na macho akaona mwisho wake. Korngold akaikubali kazi, kwa sharti kwamba afanye wiki kwa wiki, ili aweze kuiacha wakati wowote. Tarehe 12 Machi 1938 majeshi ya Hitler yaliingia Austria bila risasi kulia.

Sasa mtu huyo aliketi California kutunga muziki wa furaha, wa mashujaa wa msituni wanaowaibia matajiri ili kuwapa maskini, huku mwanawe na wazazi wake wakiwa ndani ya mtego. Mchana tarumbeta, usiku kungojea habari. Kwa bahati, wazee na mtoto waliweza kupanda treni na kuvuka mpaka kabla milango haijafungwa, wakafika Marekani. Nyumba ya Vienna ilitwaliwa na Wanazi. Karatasi zake za nota, kazi ya maisha yake yote, ziliachwa ndani. Watu wa kampuni iliyochapisha muziki wake waliingia nyumbani humo usiku wakaziiba, kisha wakazituma Marekani kidogo kidogo, zimefichwa katikati ya kurasa za vitabu vingine vya muziki.

Kuna siri moja ndani ya muziki wa Robin Hood ambayo napenda msomaji aijue. Wimbo wake mkuu, ule wenye tarumbeta unaomfanya mtu atake kuruka juu ya meza, haukuwa mpya. Korngold aliuchukua katika kazi yake ya okestra ya mwaka 1919, ambayo watu wa Vienna hawakuipenda. Kilichokataliwa na wasomi wa Vienna kikashangiliwa na dunia nzima katika majumba ya sinema. Mwaka 1939 kilimpa Oscar, na safari hii tuzo ilikabidhiwa mkononi mwa mtunzi mwenyewe. Alisema hadi mwisho wa maisha yake kwamba Robin Hood alimwokoa, naye hakuwa akitania.

WALIOFIKA KENYA

Mwaka huo huo wa 1938 wako Wayahudi wa Ujerumani na Austria ambao hawakuitwa Hollywood, wakafika Kenya. Haikuwa mara ya kwanza kwa nchi yetu kutajwa katika habari zao. Mwaka 1903, Korngold akiwa na miaka sita, serikali ya Uingereza ilikuwa imewaahidi Wayahudi wa Ulaya ardhi katika uwanda wa Uasin Gishu, bila kuwauliza wenyewe wa Uasin Gishu. Mwaka 1905 mkutano wao mkuu uliikataa ahadi hiyo. Walowezi wachache wa Kiyahudi walikuja hata hivyo, wakaweka jiwe la msingi la sinagogi ya Nairobi mwaka 1912.

Miongoni mwa waliofika mwaka 1938 alikuwamo msichana mdogo aitwaye Stefanie Zweig, aliyekulia Rongai na Ol Joro Orok, akajifunza Kiswahili shambani, na kuona baba yake akifungiwa na Waingereza vita vilipoanza kwa kuwa ni Mjerumani, ingawa Ujerumani wenyewe haukumtaka. Kitabu alichoandika juu ya maisha hayo kilifanywa sinema mwaka 2001, ikapigwa hapa hapa Kenya, Mkenya Sidede Onyulo akicheza mpishi Owuor. Sinema hiyo ilipata Oscar mwaka 2003. Muziki wake ulitungwa na Niki Reiser, nao huonyesha kwamba fidla zaweza kuzungumza habari za nyanda za Laikipia kama zinavyozungumza habari za Vienna. Zweig alifariki mwaka 2014.

KIAPO

Hitler alipokuwa madarakani, Korngold alijiwekea nadhiri kwamba hatatunga muziki wa jumba la tamasha mpaka mtu huyo aondoke. Angetunga wa sinema tu, kulisha nyumba yake na jamaa waliokimbia. Aliwadhamini wakimbizi wengi waliokuwa wakitafuta ruhusa ya kuingia Marekani. Sinema zenyewe nazo zilikuwa zimeingia vitani. Ile iitwayo The Sea Hawk, ya mwaka 1940, inaeleza habari za mfalme wa Hispania anayetaka kuimeza dunia, lakini kila mtazamaji wa London alijua ni nani hasa anayesemwa. Muziki wake una kishindo cha mawimbi na matanga, na kwa maoni yangu ndio bora kuliko yote aliyoitungia sinema.

Nadhiri hiyo aliivunja kwa jambo moja. Mwaka 1941 rabi mmoja wa Los Angeles, Jacob Sonderling, alimwomba atunge nyimbo za ibada. Korngold, mtu aliyelelewa mbali na sinagogi, akatunga Zaburi ya Pasaka na Sala moja fupi. Hizo ndizo kazi zake pekee za dini ya wazee wake. Hitler alimwambia kwamba yeye ni Myahudi na si kitu kingine. Alilijibu neno hilo kwa kuandika muziki wa sikukuu ya watu waliotoka utumwani Misri.

Wakati huo vijana wa Kibera, wana wa wale askari wa kwanza, walikuwa wamevaa tena sare za King's African Rifles. Kikosi hicho kilipigana Uhabeshi mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942, kisha katika misitu ya Burma. Walikuwa upande mmoja na Korngold katika vita vile, ingawa hakuna aliyewajulisha.

FIDLA YA HEIFETZ

Vita vilipokwisha mwaka 1945, nadhiri ilikwisha. Baba yake alifariki mwaka huo huo. Korngold akatunga kazi ya fidla na okestra ambayo leo ndiyo inayojulikana kuliko zote, akamtunukia Alma, mjane wa Mahler aliyemtambua utotoni. Jascha Heifetz, mpiga fidla mashuhuri aliyezaliwa katika jamaa ya Kiyahudi ya Vilna, aliipiga kwa mara ya kwanza mjini St. Louis tarehe 15 Februari 1947.

Karibu nyimbo zote zilizomo ndani yake zilitoka katika sinema zake. Kwa miaka kumi zilikuwa zimepita nyuma ya maneno na vishindo vya farasi, watu wakitafuna bisi. Sasa alizitoa mbele, akazipa fidla iziimbe polepole. Anayeisikiliza hawezi kuamini kwamba zilikuwa kazi ya kibarua. Wasikilizaji wa St. Louis walishangilia sana, lakini wahakiki wa New York waliibeza, wakasema hiyo ni Hollywood na hakuna zaidi. Yaani walimhukumu kwa mahali alipolipwa mshahara.

Hapa ndipo habari hii inapowagusa wapiga muziki wa mitaa yetu. Vijana wangapi wa Kawangware hupiga katika harusi na matangazo ya sabuni, wakaambiwa kwamba hawana sanaa? Korngold hakuona haya kupokea ujira. Alichokataa ni kutoa kazi hafifu kwa sababu ya ujira.

Mwaka 1947 aliugua moyo. Mwaka 1949 alirudi Vienna, akitumaini kuanza tena pale alipoachia. Alikuta sehemu za mji ni vifusi, na watu waliomkaribisha kwa adabu wakimwuliza atarudi lini Marekani. Die Kathrin, opera ile iliyongoja tangu mwaka 1938, ilionyeshwa mwaka 1950 mara chache ikaondolewa. Vijana waliona muziki wake ni wa babu zao, na wazee hawakupenda kuonana na mtu anayewakumbusha majirani waliopelekwa wasirudi. Yule kijana aliyetunga habari za mji uliokufa sasa alikuwa akitembea ndani yake. Mwaka 1951 alirudi California.

Alitunga simfonia moja kubwa, akaitoa kwa kumbukumbu ya Rais Roosevelt, kiongozi wa nchi iliyompokea. Ilipigwa redioni Vienna mwaka 1954, kwa mazoezi machache na kwa ubovu uliomuumiza sana. Tarehe 29 Novemba 1957 alifariki Hollywood, mwenye umri wa miaka 60, akiamini kwamba amesahauliwa. Inasemekana jumba la Opera la Vienna lilipandisha bendera nyeusi siku hiyo, na mjane wake alipoambiwa alisema kwamba imechelewa kidogo.

Na kweli alikuwa amesahauliwa, kwa miaka 15 hivi. Aliyemfufua ni Georg, yule mtoto wa miaka tisa aliyechukuliwa na wazazi wake katika safari ya Januari 1938. Alipokua aliitwa George na kufanya kazi ya kutengeneza santuri. Mwaka 1972 alisimamia santuri ya muziki wa sinema za baba yake, ikiongozwa na Charles Gerhardt mbele ya okestra kamili ya London. Iliuzwa sana, hata wenyewe wakashangaa. Mwaka 1975 Mji Uliokufa ulionyeshwa tena New York. Mwaka 1977 ikatoka sinema ya Star Wars, na wenye masikio wakasikia kwamba tarumbeta za John Williams ni wajukuu wa tarumbeta za Korngold. Kutoka hapo okestra kubwa zimerudi katika sinema za mashujaa, zile zile zinazojaza vibanda vya Makina. George alifariki mwaka 1987.

Yule kijana wa kibandani nilimkuta tena baada ya wiki mbili, nikamweleza habari hizi, kwa ufupi kwa kuwa picha ilikuwa karibu kuanza. Jina lilimshinda kulitamka. Alijaribu mara tatu, kisha akaamua kwamba kuanzia siku ile mzee huyo ataitwa Kongole. Taa ikazimwa, msimulizi akaanza kelele zake, na kila tarumbeta zilipolia kijana alinigonga kwa kiwiko.